Hodi kwenye Mlango wa Chuma

Bombo, 9 Aprili 1973

Mwanangu Rosalba,

Salamu zangu zikufikie huko Kisugu. Mimi ni mzima kuanzia kiunoni kwenda juu. Kwenda chini kuna mguu mmoja ambao daktari ameufunga plasta mpaka gotini. Kwangu Bwaise kulijaa maji, nikatoka kuokoa kuku, kuku akajiokoa mwenyewe, nami nikaanguka. Binti yangu amenileta kwake hapa Bombo, na hata kusimama amenikataza.

Nilitaka tuketi pamoja nikufundishe kazi ya kutembelea wafungwa kabla hujaingia kule jela ya wanawake. Haikuwezekana. Kamati yetu inasema hakuna mwingine wa kwenda: wenzetu wengine wamehama mji, wengine wanaogopa, nami siwalaumu. Basi utakwenda peke yako, na mimi nitakufundisha kwa barua. Kasim, mtoto wa kaka yangu, anaendesha lori la mkaa. Yeye ndiye posta yetu. Ila kumbuka vizuizi vya barabarani. Askari akikosa la kufanya husoma barua za watu, kwa hiyo andika kile ambacho kikisomwa kwa sauti mbele ya magunia ya mkaa hakitamdhuru mtu.

Sasa sikiliza. Wale wanawake hatuwaiti wafungwa. Tunawaita wenyeji, kwa sababu pale wao ndio wanakaa na sisi ndio tunapita. Na mgeni ana adabu zake. Afande Nabalayo atakufungulia mlango wa chuma kwa ufunguo wake, lakini usiingie. Simama kizingitini upige hodi. Ngoja waseme karibu. Wasiposema, kaa nje mpaka muda uishe, kisha urudi nyumbani. Askari watakucheka. Waache wacheke.

Halafu usiende mikono mitupu. Beba karanga zenye maganda, mzimenye pamoja. Mikono ikiwa na kazi, mdomo haulazimiki. Na usimuulize mtu yeyote amefanya nini, ametoka wapi, au ni mke wa nani. Mgeni haulizi kilicho chini ya kitanda cha mwenyeji.

Jumamosi nenda. Uniandikie.

Mama yako,
Maimunah

*

Kisugu, 15 Aprili 1973

Mama Maimunah,

Shikamoo, na pole kwa mguu. Kuku nimemsikitikia pia, maana najua utamla.

Jana nimekwenda. Nilipopiga hodi, askari mmoja kijana alicheka mpaka akaegemea ukuta. Akaniambia, "Madamu, mlango iko wazi, wewe napigia nani hodi?" Nikabaki nimesimama na kikapu changu cha karanga. Nikasema moyoni, leo nitarudi na karanga zangu Kisugu. Mara mwanamke mmoja mnene aliyekuwa akisuka mwenzake nywele akasema, "Karibu, nyabo," kama Waganda wanavyomwita bibi wa heshima. Wengine wakaitikia, karibu, karibu, nikaingia. Mama, nimefundisha ushonaji shuleni miaka minne na sijawahi kukaribishwa namna ile.

Sasa maswali. Unijibu yote, usiruke hata moja, maana asiyeuliza hanalo ajifunzalo. Kwa nini mahabusu wapya wanakaa karibu na mlango na wa zamani wanakaa mbali? Kwa nini Afande Nabalayo hanywi maji mbele yao? Na yule mama mzee wa kwenye kona ni nani? Hakusema karibu. Hakusema neno lolote. Wenzake wanasema ni bubu, na jina la Filda alipewa na askari wa zamu kwa sababu kitabu cha langoni kinataka jina. Alimenya karanga upesi kuliko sisi sote, lakini zile nene kabisa alizitenga pembeni, akazifunga kwenye ncha ya nguo yake. Wenzake walikula, yeye hakula. Anazitunzia nini? Usiku sikulala vizuri kwa kuzifikiria karanga zile.

Mimi nimezaliwa kambini, baba yangu polisi, Mualuru wa Nebbi aliyehamishwa kila mwaka. Mtoto wa kambini asipouliza hajui hata jirani ni nani. Ndiyo asili yangu, unisamehe.

Wako,
Rosalba

*

Bombo, 18 Aprili 1973

Mwanangu mwenye maswali,

Wapya wanakaa karibu na mlango kwa sababu bado wanadhani utafunguliwa kwa ajili yao. Nabalayo hanywi maji mbele yao kwa sababu wao maji yao yana saa. Mama huyo ni askari jela, lakini amelelewa. Kama una jambo zito, mwambie yeye, usimwambie mwingine.

Karanga zile ni mbegu. Umeishi kambini, hujui. Mwanamke wa shamba hawezi kuona karanga nene akaitafuna, mkono wake wenyewe unakataa. Amefungwa miezi saba sasa, naye bado anachagua mbegu. Nilipoona mara ya kwanza nililia nikiwa kwenye teksi ya kurudi Bwaise, watu wakadhani nimefiwa.

Kuhusu Filda mengine sina. Wewe mpelekee karanga, ukae karibu yake, umenye. Atakapotaka kusema na wewe utajua. Kimya kingi kina mshindo mkuu, nawe usiwe na haraka ya kuusikia.

Maimunah

*

Kisugu, 29 Aprili 1973

Mama Maimunah,

Shikamoo. Leo sina utani.

Jana Afande Nabalayo aliniita kando. Kumbe Filda kifungo chake kimekwisha tangu kabla ya Pasaka. Walimkamata pale Kasubi akiwa na debe la pombe ya waragi, akafungwa, amemaliza. Lakini hawawezi kumfungulia, kwa sababu hasemi, hana ndugu aliyekuja, na hakuna anayejua kwao ni wapi. Asipopatikana mtu wa kumpokea, mwisho wa Mei atapelekwa hospitali ya wagonjwa wa akili. Huko, Afande amesema, mtu kama yeye haulizwi tena habari zake mpaka afe.

Mama, yeye si mwendawazimu. Nimekaa naye Jumamosi tatu. Ananisogezea ungo nikichelewa. Jana sindano ya kikapu ilinichoma, akakishika kidole changu na kukikandamiza mpaka damu ikakoma. Nataka kujua kwao ni wapi. Siyo umbea, nataka aende nyumbani akapande karanga zake.

Wewe unajua watu. Samahani nikisema, lakini Wanubi mna ndugu jeshini, mna ndugu polisi, mkifungua mdomo mnasikilizwa. Umemjua mama huyu miezi saba. Kwa nini hukuuliza popote? Nimekasirika kidogo, na naona ni heri nikuambie kuliko nikutabasamie kwenye karatasi.

Rosalba

*

Bombo, 2 Mei 1973

Rosalba,

Barua yako nimeipata. Kukasirika si dhambi.

Jibu langu ni lile lile: usimuulize. Kuna kitu nakishughulikia kwa njia ya polepole, na mguu huu umenichelewesha. Nenda Jumamosi, piga hodi, menya karanga, nyamaza. Nakuomba kama mama yako.

Maimunah

*

Kisugu, 12 Mei 1973

Mama Maimunah, mama yangu,

Nimempata. Kaa vizuri kitini usivunje mguu wa pili.

Ulisema nisiulize, sikuuliza. Nilipika tu. Nilijiambia, lugha ya mtu inaweza kujificha lakini tumbo lake halijifichi. Jumamosi iliyopita nilipeleka matoke, akala kama anayekula dawa. Leo nikapeleka malakwang, yale majani machachu ya kwetu, nimeyapika kwa simsim iliyosagwa na karanga kama mama alivyonifundisha. Askari walionja langoni wakakunja uso. Wenyeji wengi walionja wakaniambia asante, yatosha. Filda alichovya kidole. Akafumba macho. Akachovya tena. Nikashindwa kujizuia, nikamwambia kwa lugha yangu ya nyumbani, "Mama, ni tamu?"

Akanijibu. Bubu akanijibu. Akasema, "Chumvi imezidi."

Miezi saba, na neno lake la kwanza ni kunikosoa mapishi. Nilicheka na kulia pamoja. Lugha zetu ni ndugu, tunasikizana, lakini matamshi yake si ya Nebbi hata kidogo. Ni Muacholi, Mama, nina hakika, tena wa kule Kitgum. Yule askari kijana alisikia, akasema, "Kumbe hii mama iko na mdomo." Nikamwambia ndiyo, anao. Filda akanitazama mara moja, kisha akageukia ukuta, na sikumwona uso tena mpaka muda ukaisha. Nadhani alizidiwa na furaha.

Kesho Kasim anapita. Nampa barua hii. Niambie sasa tumwandikie nani Kitgum.

Wako mwenye furaha,
Rosalba

*

Bombo, 14 Mei 1973

Rosalba,

Barua hii analeta binti yangu mwenyewe, ndani ya gari la zahanati ambalo halipekuliwi, kwa hiyo nitaandika wazi mara hii moja.

Huyo mama si bubu na hakuwahi kuwa bubu. Mimi nilijua tangu mwezi wa kwanza wa kumtembelea, maana mchana mmoja alisinzia kwenye kona yake, nikamsikia akisali usingizini. Yeye mwenyewe aliamua kunyamaza siku aliyokamatwa. Mwaka jana waliovamia kutoka ng'ambo ya mpaka walipofukuzwa, kina nani walichukuliwa majumbani usiku? Hakuna mtu Kampala asiyejua ni lugha zipi hazisemwi hadharani siku hizi. Mama mzee anayeficha lugha yake ana mume anayetafutwa, au mtoto. Akiwa bubu wa debe la waragi, hakuna anayemtazama. Akiwa Muacholi asiye na jina, wapo watakaotaka kulijua jina, na wakilijua watamfuata mwanawe kwa njia hiyo.

Wewe hukuwa na ubaya. Lugha yako inapita vizuizini bila kusimamishwa, ndiyo maana ukasahau kwamba yake haipiti. Halafu ukaandika neno hilo kwenye karatasi na kulipandisha juu ya lori. Kasim aliniambia barua aliisoma njiani kwa umbea wake, akaificha chini ya gunia, na pale Kawempe askari walipanda juu ya gunia hilo hilo kuangalia mkaa.

Nilikuwa natafuta mtu wa kwao kimya kimya kupitia kwa mapadri. Sasa njia ya polepole imefungwa. Nina hasira nawe na ninakupenda, yote mawili.

Maimunah

*

Kisugu, 16 Mei 1973

Mama Maimunah,

Nampa binti yako barua hii, kama ulivyofanya.

Aligeukia ukuta nami nikaita furaha. Nilijua mambo yote uliyoandika, kila mtu anayajua, lakini sikuyaunganisha na yeye. Nilimwona kama fumbo la kwangu la kutegua.

Na kuna zaidi. Leo asubuhi Afande Nabalayo amekuja mwenyewe hapa shuleni, amevaa gomesi badala ya sare, akajifanya anataka kushonewa mapazia. Wanaume wawili wa miwani myeusi walifika jela jana wakiuliza habari za mama aliyepata sauti. Aliwaambia mkubwa hayupo, walete barua rasmi. Wamesema watarudi wiki ijayo. Afande anasema kama akitokea ndugu halali kabla yao, atasaini na kufungua mlango, kwani kifungo kimekwisha na sheria iko upande wake. Lakini ndugu awe mtu ambaye hawatathubutu kumvuta shati.

Nikienda mimi na kusema ni mama yangu? Niko tayari. Niambie.

Rosalba

*

Bombo, 17 Mei 1973

Mwanangu Rosalba,

Barua hii analeta Kasim, na akitaka kuisoma aisome, na yeyote mwingine vilevile, maana ni habari za furaha.

Nimemshukuru Mungu kwa habari zako. Unasema yule mama anasema lugha ya bibi yangu. Basi ndiye. Ni dada yangu Rehemah aliyepotea. Sisi Wanubi hatukudondoka kutoka mbinguni. Babu alikuja na jeshi la Waingereza, bibi akamkuta njiani, na bibi huyo alikuwa Muacholi. Nyumbani kwetu wazee waliimba kwa lugha yake hadi nilipokuwa msichana. Rehemah alilelewa upande wa bibi, akaolewa mbali, ugonjwa ukamchukua akili kidogo, akapotea. Na mimi nilikuwa naye miezi saba nisimtambue, kwa vile tuliachana tukiwa watoto.

Jumatatu nakuja kumchukua. Nitakuja na Kasim, na kaka yangu sajini mstaafu atavaa medali zake. Jumamosi wewe mpelekee nguo yetu ya Kinubi, gurbaba, ambayo Kasim anayo ndani ya mfuko. Na kwa vile dada yangu amesahau mengi, mkumbushe kuhusu familia yake. Jumatatu usionekane pale.

Dada wa Rehemah,
Maimunah

*

Kisugu, 20 Mei 1973

Mama Maimunah,

Shikamoo. Hukuwahi kuniambia kwamba una dada. Najua utasema sikuwahi kuuliza.

Jana nilipiga hodi. Filda kama kawaida hakuitikia, na safari hii alikuwa na haki. Nilikaa kwenye kona yake, nikamwaga karanga. Yule askari kijana alisimama karibu kuliko siku zote. Basi nikawaambia wenyeji wote kwamba nina kisa, na nikakisimulia kwa Kiswahili, kwa sauti, huku nikimenya. Nikasema Bombo kuna mama wa Kinubi aitwaye Maimunah, mkali, amevunjika mguu kwa ajili ya kuku. Wakacheka. Nikasema ana dada aliyelelewa na bibi yao, akapotea zamani, jina lake Rehemah, na Maimunah akimpata atamwita kwa jina hilo na kumtaka arudi naye nyumbani. Nikasema kaka yao ana medali. Nikakirudia kisa mara mbili, mwanamke mmoja akaniambia nyabo, hicho umeshakisimulia.

Filda hakuinua uso. Alimenya tu. Nguo aliipokea, akaikunja, akaikalia. Sijui kama Kiswahili anakisikia. Sijui kama ameelewa. Sijui kama ananiamini, na sina sababu ya kumwambia aniamini. Wakati naondoka nilimwomba radhi kwa lugha ya nyumbani, kimoyomoyo, bila kutoa sauti. Hilo nimeshajifunza.

Kesho ni Jumatatu. Nitakuwa nafundisha darasa la pili kushona vifungo na sitaona uzi.

Rosalba

*

Bombo, 23 Mei 1973

Mwanangu Rosalba,

Salamu kutoka nyumba iliyojaa watu. Nakuandikia polepole, kwa vile kuna mtu amekaa mbele yangu anamenya karanga na ananipigia kelele.

Jumatatu tulifika pale langoni, mimi na plasta yangu nikiegemea fimbo, kaka na medali zake, Kasim na mkaa kwenye masikio. Mkubwa wa jela alikuwepo. Wale wa miwani walikuwepo pia, Rosalba, wameketi kwenye benchi. Walikuwa wamewahi. Moyo wangu ulishuka mpaka kwenye plasta. Nabalayo akaenda, akamleta, amevaa gurbaba ameifunga kinyume lakini ameifunga. Mkubwa akamuuliza, "Wewe, huyu mama unamjua?" Akatazama chini. Nikamwita, "Rehemah." Hakugeuka. Mmoja wa wale wanaume akainuka kwenye benchi.

Ndipo akanitazama mguu, akatikisa kichwa, akasema kwa Kiswahili kilichonyooka kuliko changu, "Maimunah, mbona umekawia? Yaani kuku alikushinda?"

Nililia, na sikuigiza. Kaka yangu akacheka kicheko chake cha kambini, akaanza kuwauliza wale wa miwani wanatoka kikosi gani na mkubwa wao ni nani, na alikuwa anamjua baba wa mmoja wao. Mkubwa akasaini. Nabalayo alitusindikiza hadi kwenye lori, akasahau kutoa mkono wake kwenye mkono wa Rehemah mpaka Kasim alipowasha injini.

Nilipoona anaongea hivyo nilidhani sasa atanieleza yote, kwao, watu wake, kila kitu. Nawe najua unaungua kuyajua. Sikumuuliza. Karanga zake amezipanda nyuma ya jiko, hata mvua hakungoja. Nyumba nzima anaiamrisha. Wakimwita Rehemah anaitikia, na majirani wameshazoea.

Sasa nikuambie lililonifanya nichukue kalamu. Jana jioni alisema, "Yule msichana wa chumvi yuko wapi?" Nikamwambia yuko Kisugu, anajilaumu. Akasema anataka kukuambia jina lake, lile alilopewa na mama yake, kwa kuwa wewe ndiye uliyempigia hodi bila kuchoka hata alipokataa kukuitikia. Nikamwambia vema, litaje, naandika. Akaushika mkono wangu wenye kalamu. Amesema jina lile lisiandikwe mahali popote.

Kwa hiyo njoo. Jumapili Kasim anarudi na lori tupu, atakuchukua hapo kwenye kona ya shule. Lete majani ya malakwang, kupika atapika mwenyewe. Nyumba yetu ina mlango wa mabati, ya tatu baada ya msikiti, na mchana kutwa iko wazi. Lakini wewe simama kizingitini, piga hodi, ungoje. Nimewakataza watoto wote kuitikia. Atakuitikia yeye.

Mama yako,
Maimunah